Fleti za serikali mjini: pazuri kukaa, lakini pesa ya matengenezo haionekani (nyota mbili na nusu)

Watu wananiuliza sana kwenye meseji kuhusu hizi fleti za serikali hapa mjini Unguja, zinakalika au vipi, kodi yake ikoje, ukiharibikiwa na kitu nani anakuja kutengeneza, na nshajibu mmoja mmoja sasa naona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Mie nimekulia humu. Bibi yangu alipewa baada ya nyumba yao ya Ng'ambo kuvunjwa, mama akaendelea kukaa, na sasa nipo na mama na wanangu. Jumba gani na ofisi gani inalisimamia sitaji, kwasababu sitaki mtu mmoja aonekane ndo mbaya, na ninayoyasema naamini wa majumba mengine mnayajua vizuri tu. Sehemu kubwa nitaongelea bajeti, maana mwaka huu nimekwenda kwenye kikao cha maoni ya bajeti na ndo nimefahamu kwanini paa letu linavuja kila masika na hakuna anayekuja.

Nianze na mazuri kwanza, yapo mengi. Mahali hapana mfano. Darajani kwa miguu, Mnazi Mmoja hospitali kwa miguu, skuli za watoto karibu, ukitaka boti bandarini huna haja ya gari. Upepo unapita, fleti zimejengwa zinatazama pande mbili kwahiyo ukifungua mlango na dirisha la nyuma huhitaji feni mpaka miezi ya kaskazi. Kodi ni rahisi sana, ukilinganisha na chumba na ukumbi cha mtu binafsi mitaa hii hii hata usifanye hesabu. Na majirani, wallahi hapa natoa nyota tano bila kufikiri. Mtu akifiwa ngazi nzima inapika, mtoto akitoka skuli mamake hayupo anaingia mlango wowote anakula. Mama yangu ana presha, na hajawahi kuumwa usiku akakosa mtu wa kumshusha ngazi.

Na hizi nyumba zina historia yake, watoto wa sasaivi hawaijui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume alitaka watu wa Ng'ambo watoke kwenye nyumba za udongo na makuti, Wajerumani wa Mashariki wakasaidia, zikaanza Kikwajuni na Kilimani halafu yale majumba marefu ya Michenzani yanayokutana pale kwenye mzunguko wa barabara. Watu walijitolea kubeba mawe na kumwaga zege wenyewe. Mashamba nako zikajengwa, Bambi, Makunduchi, na Pemba ukienda Chake, Wete na Mkoani utaziona, nyumba za maendeleo zinaitwa mpaka leo. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko zilizojengwa, na Mzee mwenyewe aliuliwa Aprili 1972 kazi ikiwa katikati. Mie nnaheshimu sana ile nia. Mchukuzi wa bandarini na muuza samaki kupewa nyumba ya mawe yenye choo ndani na maji na umeme, hilo halikuwa jambo dogo, na ndo maana naumia nikiona zinavyoachwa.

Sasa tuje kwenye kuumia kwenyewe.

Ngazi zetu, ukipanda kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu, inua macho utazame juu. Utaona kwanza alama ya kutu, rangi ya chai, imechora mstari mnyoofu kwenye dari. Mwaka wa kwanza ilikuwa mstari tu. Halafu zege likaanza kututumka pale pale kwenye mstari, halafu ufa, halafu siku moja kipande kikaanguka, alhamdulillah usiku hapakuwa na mtu. Sasaivi nondo ziko nje unaziona kwa macho, ukizigusa zinabanduka magamba. Fundi mmoja wa mtaani alitueleza vizuri sana, sisi tuko karibu na bahari na hewa ina chumvi, chumvi ikiingia kwenye zege nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Akasema mngeniita ulipokuwa ni mstari, ningechonga kidogo, nikasugua nondo kwa brashi ya waya, nikapaka dawa ya kutu, nikaziba, kazi ya siku mbili tatu. Sasa hivi akasema hii si kazi yangu tena, hii inataka mainjinia, kuna nondo zimeliwa mpaka zimekuwa nyembamba na lazima ziunganishwe mpya.

Na huo mstari tuliupeleka ofisini ulipokuwa mstari. Barua ipo, ina muhuri wa kupokelewa. Walikuja vijana wawili wakapiga picha, wapole, wakaandika, wakasema tatizo hili tunalijua na limo kwenye maombi, tunasubiri kifungu, yaani fungu la pesa kwenye bajeti. Basi neno kifungu hilo tumelisikia mpaka watoto wanalijua. Bomba kuu la maji machafu linavuja, tunasubiri kifungu. Paa limechoka, tunasubiri kifungu. Mie nikawa najiuliza hichi kifungu kinatoka wapi na nani anakigawa, ndo nikaamua mwaka huu wakituita kwenye maoni ya bajeti naenda kwa miguu yangu.

Kikao chenyewe nikipe maksi zake kwa haki. Tangazo lilikuja kupitia kwa sheha, lilichelewa kidogo lakini lilikuja, ukumbi ulikuwa wa skuli, viti vipo, maji ya kunywa yapo, wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume. Bwana aliyewasilisha alikuwa anazungumza Kiswahili cha watu si cha ofisini, na hakumkata mtu kauli. Tukapewa karatasi za kopi zina mafungu ya mapato na matumizi. Mapato upande mmoja, leseni za biashara, masoko, ada za taka, maegesho, kodi za nyumba na za milango ya biashara zimewekwa pamoja. Matumizi upande wa pili, mishahara, mafuta ya magari, taka, taa za barabarani, na chini kabisa kuna mstari mmoja umeandikwa matengenezo ya majengo.

Mstari mmoja. Humo ndani imo rangi ya ofisi, paa la soko, vyoo vya umma na sisi.

Kuna bibi wa jumba letu, mtu mzima sana, alinyoosha mkono akasema mwanangu shikamoo huniambii lakini na mie nakuitikia marahaba (watu wakacheka kidogo, na yule bwana akamwamkia kwa adabu), akasema naomba nioneshe kwa kidole hapa kwenye karatasi sisi wa kwenye fleti tumo wapi. Bwana akamjibu bibi mumo humo kwenye majengo. Bibi akasema kwenye majengo nimepaona, nataka ndani ya majengo, sisi shingapi. Akatazama karatasi yake, akatazama kompyuta, akasema kwa kweli bibi haikuchanganuliwa. Hakudanganya, namshukuru kwa hilo. Lakini mie hapo ndo nikafahamu kila kitu. Huwezi kutengeneza kitu ambacho hata kwenye hesabu hakina jina lake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, pesa ya matengenezo ni moja, anayepiga kelele zaidi anachukua, na paa la soko likivuja wafanyabiashara wanafunga njia siku hiyo hiyo, dari yetu ikibomoka tunaonana sisi wenyewe kwenye ngazi.

Nikauliza na mie swali langu. Nikasema kodi tunazolipa kwa mwaka zinafika kiasi gani na katika hizo zinazorudi kwenye majumba ni kiasi gani. Akasema kodi zinaingia kwenye mfuko mkuu pamoja na mapato mengine, halafu matumizi yanapangwa kwa vipaumbele na kwa ukomo wa bajeti waliopewa. Mtu mwengine nyuma akauliza kuhusu paa, akajibiwa paa si matengenezo ya kawaida, paa ni mradi kwahiyo liombewe kwenye matumizi ya maendeleo. Na tulipowahi kuomba kama mradi tukaambiwa hiyo ni matengenezo. Hapa ndo jumba linapofia jamani, katikati ya vitabu viwili vya bajeti, cha matumizi ya kawaida na cha maendeleo, kila kimoja kinasema nenda kwa mwenzako.

Sasa nikwambieni kwanini nimeumwa na hili jambo kiasi hichi. Dada yangu anakaa London miaka mingi, na yeye yumo kwenye nyumba ya halmashauri, kwa hiyo sote wawili tunakaa nyumba za umma, yeye kule mie huku. Kila mwaka kabla ya Aprili anapata barua, na mwaka huu alinipigia picha kurasa zote. Imeandikwa kodi yako ilikuwa hivi, kuanzia Aprili itakuwa hivi, na kwanini. Sheria inataka wapewe taarifa ya maandishi angalau wiki nne kabla kodi haijapanda. Mwaka wao wa fedha unaanza 1 Aprili, na madiwani wao mara nyingi wanakaa Februari kupitisha bajeti ya nyumba kama hesabu ya peke yake.

Na hiyo hesabu ya peke yake ndo kitu ninachotaka mkishike. Uingereza kuna sheria ya 1989 inasema halmashauri yenye nyumba zake za kupangisha lazima iwe na hesabu ya mapato na matumizi ya nyumba iliyofungwa mbali na hesabu nyengine. Kodi za wapangaji zinaingia humo. Matengenezo yanatoka humo, mishahara ya wanaosimamia nyumba inatoka humo, riba za mikopo ya nyumba inatoka humo, na kuna akiba ya matengenezo makubwa nayo imo humo. Halmashauri hairuhusiwi kuchota kodi za fleti ikatengenezee barabara, na hairuhusiwi kupitisha bajeti ya nyumba inayoonesha hesabu itaishia chini ya sifuri. Tangu Aprili 2012 wakaambiwa zaidi, mtajitegemea wenyewe, kodi yenu ni yenu, madeni yenu ni yenu, kwahiyo ikabidi wapige mahesabu ya miaka 30 mbele, paa gani litachoka mwaka gani, mabomba gani, madirisha gani.

Msije mkadhani nawasifia kila kitu, sivyo. Dada yangu mwenyewe ana malalamiko na wana makosa makubwa. Tangu sheria ya 1980 wapangaji waliruhusiwa kununua nyumba zao kwa punguzo, watu wengi walifaidika lakini nyumba nyingi za bei rahisi zikatoka mikononi mwa umma na zilizojengwa kufidia hazikutosha, sasa foleni ya kungojea nyumba ni miaka. Halafu serikali kuu yao kuanzia 2016 iliamrisha kodi zishuke asilimia 1 kila mwaka kwa miaka minne. Mpangaji anafurahi, na dada yangu alifurahi, lakini halmashauri zilikuwa zishapiga hesabu za miaka 30 kwa kodi nyengine, kwahiyo mapaa yaliyopangiwa yakasogezwa mbele. Halafu 2023 bei za vitu zimepanda zaidi ya asilimia 10, serikali ikaweka kikomo kodi isipande zaidi ya asilimia 7, tena mpangaji kanusurika na hesabu ya matengenezo ikabaki na pengo maana fundi na saruji havikungojea kikomo. Na kuna mtoto mdogo wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Disemba 2020 huko Rochdale kwa sababu ya ukungu wa kwenye kuta za fleti waliyopangishwa na wazazi wake walikuwa wameshalalamika. Imebidi itungwe sheria yenye jina lake inayowapa wenye nyumba muda maalumu wa kuja kushughulikia ukungu na hatari nyengine. Kwahiyo hata kuwa na hesabu ya peke yake si dawa ya kila kitu. Ila angalau dada yangu anajua pa kutazama, anajua mwaka huu wametenga kiasi gani cha kutengeneza, na wakisema hakuna pesa anaweza kuwaambia hebu tuoneni ukurasa ule.

Kuna mtu ataniambia hayo ya Wazungu, sisi hali yetu nyengine. Mie namwambia hapana, hili sisi tulikuwa nalo kabla. Nendeni Mji Mkongwe mkaulize nyumba za wakfu. Mtu alikuwa anaweka nyumba yake wakfu, wengine kwa ajili ya msikiti, wengine kwa ajili ya masikini wakae, wengine kwa ndugu zake wasiokuwa na uwezo, na mafakihi wetu wamefundisha siku zote kwamba pato la wakfu linaanza kwanza kuitengeneza wakfu yenyewe, ndipo linalobaki liende kwa waliokusudiwa. Kwasababu nyumba ikianguka hakuna wakfu tena, na nia ya marehemu imekatika. Hiyo ndo bajeti ya nyumba za umma, wazee wetu waliijua kwa dini yao. Nyumba ile haiwi duka la kuchotea pesa za mambo mengine mpaka paa lake limalizwe kwanza. Kwahiyo nikisema kodi ya fleti ianze na fleti, siigi mtu.

Na hapa jumbani kwetu tunafanya wenyewe. Tuna mfuko wa jumba. Kila mlango elfu tano kwa mwezi, inalipia umeme wa pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, taa za ngazi, na fundi wa karo la maji machafu likijaa. Daftari linaning'inia kwenye msumari chini ya ngazi, mtu yoyote anafungua, nani kalipa, nani bado, tumenunua nini, risiti imebandikwa. Wapo wasiotozwa, wajane wawili na mzee mmoja hana mtoto, tulikubaliana wote kwenye kikao na hakuna aliyenuna. Pampu iliungua mwaka jana wiki hiyo hiyo tukanunua mota nyengine kwasababu tulikuwa tukiweka kidogo kidogo pembeni kwa ajili ya siku hiyo. Elfu tano haiwezi kutengeneza paa, hilo tunajua, lakini utaratibu ni huu huu na unafanyika na watu ambao wengi wao wanauza vitumbua na kushona.

Hebu tufanye hesabu ya mfano muone. Tuseme jumba lina milango 60 na kodi ni shilingi 20,000 kwa mwezi, nasema mfano tu, si kodi yetu. Kwa mwezi ni 1,200,000, kwa mwaka 14,400,000. Toa wale ambao hawatalipa au hawawezi, weka asilimia 10, inabaki 12,960,000. Sasa kabla hujagusa kitu, ujiulize paa likizibwa vizuri litadumu miaka mingapi, tuseme 10, na kuliziba ni milioni 40, basi kila mwaka milioni 4 ziweke pembeni usizione. Mabomba nayo vivyo hivyo, waya za umeme vivyo hivyo. Kinachobaki ndo matengenezo madogo ya mwaka, brashi ya waya na dawa ya kutu na kuziba ufa ukiwa mstari. Ukimaliza ukakuta haitoshi, sasa hapo ndo tuzungumze kodi ipande kiasi gani au serikali itie kiasi gani, na tuzungumze tukiwa na namba mezani. Lakini ukianza kwa kusema mwaka jana tulitenga hivi basi mwaka huu tuongeze kidogo, hujapanga kitu, umenakili tu.

Na mie nasema wazi, najua wengine mtanichukia, kodi zetu ni ndogo mno. Ni ndogo mpaka zinatumika kama sababu ya kutotutengenezea, ukilalamika unaambiwa kwani mnalipa shingapi. Mie nipo tayari kulipa zaidi na nimewauliza wengi kwenye ngazi yetu nao wapo tayari, kwa masharti. Mfuko uwe wa majumba peke yake na usiguswe. Hesabu ibandikwe kila jumba kama daftari letu. Na wazee na wajane na wagonjwa wasiguswe na nyongeza, kwasababu hizi nyumba walijengewa wao, mwenye uwezo ana pa kwenda. Fleti za kuuza zinajengwa, Fumba huko nzuri nimeziona, lakini muuza samaki hanunui fleti Fumba. Zikifa hizi, yeye harudi popote.

Tena zinaweza kufa kweli, tusifanye masihara. Tarehe 25 Disemba 2020 Beit el Ajaib ya hapa Mji Mkongwe imeanguka upande wa mbele, jumba ambalo dunia nzima inalijua, mafundi wakiwa ndani wanalitengeneza, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likishafika pahala pa kuchoka, hata huo wakati wa kulitengeneza ni hatari kwa fundi. Pale hapalali mtu. Kwetu wanalala watoto.

Haya, maksi zenyewe sasa kwa wale mnaotaka kupanga. Mahali tano. Majirani tano. Kodi nne, nimetoa moja kwasababu rahisi isiyorudi kukutengenezea si rahisi hivo. Maji mawili, bila mfuko wa jumba na pampu ghorofa za juu hupati kitu, ulizia kabla hujahamia kama jumba lina pampu na nani anailipia umeme. Matengenezo moja, na hiyo moja ni ya wale vijana waliokuja kupiga picha maana walikuja siku waliyosema. Kikao cha bajeti nakipa tatu, kwa kutuita, kwa adabu, na kwa yule bwana kukubali kwamba haikuchanganuliwa. Karatasi ya bajeti yenyewe moja. Kwa jumla nyota mbili na nusu na naandika kwa masikitiko kwasababu nyumba hizi zinaweza kuwa tano kwa urahisi kabisa.

Ukipewa fleti humu, mambo matatu ya haraka. Ingia mchana ukaguwe dari ya choo na ya jikoni kwa ajili ya ile alama ya kutu, na kama ipo ipige picha na uiandikie barua siku ya kwanza, upate muhuri. Weka nakala ya kila risiti ya kodi. Na jiunge na mfuko wa jumba mwezi huo huo usingoje kufuatwa.

Na kwa wenzangu mlioko humu tayari, kikao chengine tumeahidiwa kabla makisio hayajapelekwa juu. Tumekubaliana jumbani kwetu tutakwenda na ombi moja tu lililoandikwa, kwamba mwaka ujao wa fedha ule mstari wa matengenezo ya majengo ugawanywe na fleti ziwe na kifungu chao chenye namba yake, upande wa mapato na upande wa matumizi. Hatuombi pesa nyingi mwaka huu, tunaomba hesabu itenganishwe. Barua ishaandikwa na maalim wa ghorofa ya juu, watu wanaitia saini kwenye daftari chini ya ngazi, na majumba mengine wakitaka kopi waniandikie hapa chini niwatumie, wabadilishe jina la jumba tu.